Kosa la wetu lina jina, kosa la wao lina kabila

Ndugu zangu wa Lubumbashi, huku Katanga, Kongo, hii kitu inaniuma ndiyo maana naandika. Mimi nimezaliwa Katuba, mtaa wa hapa mjini, na toka utoto tulikuwa tunasikia eti Bakasai, watu wa Kasai, wanapenda kutawala, na wao kwao watoto wanaambiwa sisi Bakatanga, watu wa Katanga, ni wavivu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa unajuaje.

Na haya maneno si ya kuchezea jamani. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu kabisa, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, miji ya huku Katanga, familia nzima zinalala kwenye gare, stesheni ya treni, zikingoja treni, na reli ndiyo hiyohiyo iliyoleta babu zao kuja kutumika kwa Union Minière, kampuni ya migodi, wakati wa Wabelgiji.

Mimi nilijishika kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwenye soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Anayetunza makuta, yaani pesa, ni mama mmoja Mkasai, siku moja akachelewa kidogo tu nikasema moyoni, si unaona, ndivyo walivyo. Mwezi uleule dada yangu, tumbo moja, alichelewesha mchango wake wiki mbili, nikasema maskini, mtoto wake anaumwa. Usiku sikulala, kwa sababu yule mama sikumuuliza hata kama na yeye ana mtoto.

Kuna Tajfel, mwanasaikolojia, Myahudi wa Poland, familia yake iliuawa wakati wa Hitler. Miaka ya 1970 huko Uingereza aligawa vijana wa shule makundi mawili kwa sababu ya bure, eti huyu anapenda michoro ya mchoraji Klee na huyu ya mchoraji Kandinsky, na bado wengi wao wakapendelea kundi lao kwenye kugawa pesa. Sasa kama michoro tu inatosha, kabila je?

Kwa hiyo ulimi ukitaka kusema "wale", jilazimishe utaje mtu na alichofanya. Halafu kusalimiana kwenye parseli, yaani uwanja wa nyumba, haitoshi, unaweza kukaa jirani miaka 20 na bado unamuogopa, ingieni kazi moja ambayo kila mtu anamhitaji mwenzake na hakuna bosi, hata Allport, mwanasaikolojia wa Amerika, aliandika hivyo mwaka 1954, na mimi ni likelemba iliyonifungua macho.

Na wakubwa wakianza, usicheke. Kwenye kilio mjomba alianza Bakasai hivi Bakasai vile, nikamwambia kwa heshima, mjomba, nani alikufanya nini? Alikasirika, lakini jina hakupata.