Maroboti Makubwa ya Kijapani: Maswali Yenu Wiki Hii

Nani alianza, Mazinger au Tetsujin?

Tetsujin 28-go. Mchoraji wa katuni Mitsuteru Yokoyama alianza kumchora mwaka 1956, na televisheni ikamwonyesha mwaka 1963. Ila huyo aliongozwa kwa rimoti: adui akiipokonya, roboti linamtii yeye. Mchoraji mwingine, Go Nagai, ndiye aliyempandisha kijana kichwani mwa roboti na kumfanya rubani, katika Mazinger Z, iliyoanza kwenye televisheni Desemba 1972. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yalipoiva. Mtoto anayetazama hashiki tena kidude cha kuamuru kwa mbali. Yeye mwenyewe ndiye roboti.

Marehemu mjomba aliniachia Mazinger mdogo, mzito kama jiwe. Ni chuma?

Ukiwa ni wa asili, ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Kampuni ya Popy, tawi la Bandai, ilianza kuwauza mwaka 1974 kwa jina la Chogokin, neno lililotoka kwenye katuni yenyewe: ndiyo madini ya kubuni yaliyounda mwili wa Mazinger. Kabla ya hapo Popy walikuwa na Mazinger wa plastiki wa kimo cha sentimita 60 hivi, mkubwa lakini mwepesi. Huyu mdogo alikuwa na uzito, na ngumi yake ilifyatuka kwa springi. Tafadhali usimpake rangi upya, na kama boksi lipo, lifiche panya wasilione.

Eti Gundam ilifeli?

Ilifeli kweli. Katuni hiyo ya televisheni ilianza Aprili 1979 chini ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino, na mdhamini alikuwa Clover, watengenezaji wa midoli. Siku zile katuni ya roboti ilikuwa tangazo la dukani lenye hadithi; midoli isipotoka, hadithi haina mlezi. Tomino naye alileta vita vya kuchosha na rubani anayegoma kupigana. Vijana wa sekondari walinogewa, lakini hao hawanunui midoli ya watoto. Sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa hadi 43, ikaisha Januari 1980.

Julai mwaka huohuo Bandai wakatoa Gundam ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe kwa gundi, yen 300 tu. Vijana walewale wakazigombania. Clover ikafilisika mwaka 1983.

Transformers si za Wamarekani?

Majina na hadithi za maroboti hayo yanayogeuka magari, ndiyo. Midoli ya mwanzo ilikuwa ya kampuni ya Takara ya Japani, kutoka mikusanyo yake ya Diaclone na Microman. Wamarekani wa Hasbro waliichukua na kuiuza upya mwaka 1984. Optimus Prime, kiongozi wa maroboti wema, alikuwa lori la Diaclone, tena la kuendeshwa na mtu. Ndiyo maana baadhi ya magari yale ya zamani, ukiyafungua, yana viti vya madereva wadogo ambao hawatajwi popote kwenye katuni.

Naenda Japani. Nianzie wapi?

Kobe, alikozaliwa Yokoyama. Mtaa wa Nagata uliungua vibaya katika tetemeko la 1995. Tangu 2009 sanamu ya Tetsujin imesimama pale, ngumi mbele.