Kijani si ushahidi: kwa anayeanza utafiti wa kloroplasti za mwani

Mwanafunzi mpya akinionyesha chupa ya mwani wenye rangi nzuri ya kijani na kuniambia usanisinuru unakwenda vizuri, huwa na ombi moja kwake: zipande seli hizohizo kwenye sahani ya agari isiyo na asetati, kisha turudi tuzungumze. Nimefanya kazi na kloroplasti za mwani kwa miaka mingi, na nikiulizwa ushauri, hapo ndipo ninapoanzia. Kijani hukuambia klorofili ipo. Kama kuna kazi inayofanyika, hilo ni swali jingine.

Wengi wetu tunategemea Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa seli moja tunaouita Klami kwa mkato. Seli yake ina upana wa takriban maikromita 10, mikia miwili ya kuogelea, na kloroplasti moja tu yenye umbo la kikombe, inayochukua karibu nusu ya seli. Lakini kilichowavutia wanajenetiki ni kwamba ukiipa Klami asetati kama chanzo cha kaboni, huishi hata kama usanisinuru umekwisha kabisa. Unaweza kuvunja fotosistimu nzima (moja ya mitambo miwili ya protini, II kisha I, inayotumia mwanga kusukuma elektroni), na seli zikaendelea kugawanyika zikikusubiri uzichunguze.

Ndipo mtego unapoanzia. Mimea inayotoa maua huhitaji mwanga ili ikamilishe kutengeneza klorofili, na ndiyo maana mche uliochipukia gizani huwa wa manjano. Klami ina njia ya pili isiyotegemea mwanga, ambayo jeni zake tatu, chlL, chlN na chlB, zimo ndani ya kloroplasti yenyewe. Seli zilizokulia kwenye giza totoro, ambazo hazijawahi kuonja fotoni moja, hutoka zikiwa kijani.

Kwa hiyo mimi huanza na sahani tatu. Ya kwanza ina asetati na hukaa gizani au kwenye mwanga hafifu. Ya pili haina asetati na hukaa kwenye mwanga wa wastani. Ya tatu ina asetati lakini hupigwa mwanga mkali. Seli zinazoota kwenye ya kwanza na kukataa ya pili zimepoteza usanisinuru. Zikifa hata kwenye ya tatu, ingawa chakula kipo, ujue nishati ya mwanga inaingia na haina pa kutokea. Inaishia kwenye oksijeni na kuzaa molekuli kali zinazoiharibu seli. Mutanti, yaani seli zenye jeni iliyobadilika, zisizo na fotosistimu I huwa dhaifu mno mbele ya mwanga. Kuziweka rafu moja na seli za kawaida ni kuziua polepole, au kibaya zaidi, ni kuchagua bila kujua zile chache zilizopata badiliko jingine la kuziokoa.

Baada ya sahani, pima mng'ao wa klorofili. Sehemu ya nishati isiyotumika hurudi nje kama mwanga mwekundu, na Hans Kautsky aliuona ukipanda na kushuka kwenye majani tangu 1931. Klami yenye afya hutoa uwiano wa Fv/Fm (sehemu ya mng'ao wa juu kabisa inayoongezeka juu ya ule wa mwanzo) unaozunguka 0.7. Usihangaike kwamba si 0.83, hiyo ni namba ya majani ya mimea. Ila usiipende namba hii kupita kiasi, kwa sababu inazungumzia fotosistimu II tu. Mutanti iliyokosa saitokromu b6f, protini zinazopitisha elektroni kati ya fotosistimu II na I, inaweza kukupa uwiano unaokaribia wa kawaida ilhali elektroni zake hazifiki popote. Tazama mchoro mzima: mng'ao ukipanda taa inapowashwa na usishuke, chunguza hatua zinazofuata baada ya fotosistimu II.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wakongwe hulijua na mara nyingi husahau kulisema. Klami zikiachwa gizani kwenye mrija bila kutikiswa huzama, hupumua, na kumaliza oksijeni iliyomo. Plastokwinoni, molekuli zinazobeba elektroni kutoka fotosistimu II, hujaa elektroni, kimeng'enya STT7 huamka na kuhamisha sehemu ya antena (protini zinazonasa mwanga) ya fotosistimu II kwenda fotosistimu I, na kilele cha mng'ao hushuka. Utadhani una mutanti ya kusisimua, kumbe seli zilikosa hewa. Zitikise hata zikiwa gizani. Chupa iwe pana na kimiminika kiwe kidogo.

Sasa tuje kwenye kubadilisha jeni, ambako kijani hudanganya kuliko kwingine kote. Tangu 1988 imewezekana kuingiza DNA kwenye kloroplasti ya Klami kwa kuirushia chembe ndogo za metali zilizopakwa DNA hiyo. Tatizo ni kwamba kloroplasti hiyo moja hubeba nakala zipatazo 80 za jenomu yake, yaani seti nzima ya DNA yake. Koloni la kwanza linaloota juu ya spektinomaisini, dawa inayozuia seli zisizopokea DNA mpya, limebadilika nakala kadhaa tu, nyingine zote ni zilezile za zamani. Watu hulifanyia PCR (njia ya kutafuta kipande cha DNA kwa kukizidisha), wakaiona jeni mpya, wakashangilia. PCR unayoihitaji ni ile inayotafuta nakala ya zamani na kuikosa. Pandikiza koloni mojamoja juu ya dawa, tena na tena, mpaka nakala za zamani zipotee. Ukiondoa dawa mapema, zitarudi.

Na kama hazipotei hata ufanyeje? Usikasirike, huenda umepewa jibu. Ilijaribiwa kuondoa clpP1, jeni ya kimeng'enya kinachokata protini ndani ya kloroplasti, na nakala za zamani zikagoma kutoka, kwa sababu seli haiwezi kuishi bila jeni hiyo.

Usidhani pia kwamba kosa lililo kwenye kloroplasti limeandikwa kwenye kloroplasti. Jenomu yake ina jeni kama mia hivi, na protini zake nyingi mno huagizwa na jeni za kiini. Mfano ninaoupenda ni psaA, inayohusika na moyo wa fotosistimu I: katika Klami imevunjika vipande vitatu vilivyo mahali tofauti kwenye jenomu ya kloroplasti, kila kipande hunakiliwa peke yake, kisha RNA zake huunganishwa. Muunganisho huo unahitaji protini kadhaa kutoka kiini, na ikikosekana moja tu, fotosistimu I haipo, ingawa psaA yenyewe haina doa.

Kabla ya kutumia fedha kusoma jenomu, basi, fanya mseto wa kizamani. Ondoa naitrojeni, seli zigeuke gameti (seli za uzazi), zichanganye mt+ na mt−, yaani jinsia mbili za Klami. Ruth Sager alionyesha mwaka 1954 kwamba sifa fulani za Klami hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu, na sasa tunajua kwamba jeni za kloroplasti hutoka kwa mt+. Kasoro ikimfuata mt+ kwa watoto wote wanne wa mseto mmoja, tafuta kwenye kloroplasti. Ikigawanyika wawili kwa wawili, tafuta kwenye kiini.

Kuhusu mwanga sina maneno mengi: nunua kipimo cha fotoni, kiweke pale chupa inapokaa hasa, na andika namba kwenye daftari kila jaribio. "Mwanga wa kawaida" si kipimo. Vuna seli zikiwa bado changa, kati ya milioni 1 na milioni 5 kwa mililita, kwa kuwa zikisongamana zaidi zinatiliana kivuli, na mwanga uliopima juu ya chupa si ule zinaoupata.

Mwisho, mutanti yoyote unayoithamini igandishe kwenye naitrojeni ya kimiminika wiki hiyohiyo unayoithibitisha. Zile zinazobaki kwenye agari ziweke penye mwanga hafifu sana, na kila baada ya miezi michache zirudishe kwenye zile sahani tatu. Kikitokea kikoloni kinachoota pasipo asetati, usikitupe. Kipe namba yake, kitenge, na kichunguze kama mutanti mpya.