Gari inachemsha kwenye foleni tu? Usikubali hedi ifunguliwe kabla hujacheki feni

Mkuu umesema gari yako ya 2001 ukiwa foleni ya Ubungo geji ya joto inapanda mpaka karibu na H (alama ya moto), ukishapita Mbezi ukaanza kutembea inashuka yenyewe inakaa katikati, na fundi kashakwambia ni gasketi ya hedi (kiziba kilichobanwa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya chini) uandae laki sita. Subiri kwanza. Hiyo hela usiitoe kabla hujasoma hapa maana mimi yangu niliitoa na gari ikaendelea kuchemsha vilevile.

Nilikuwa na sedani ya Kijapani ya 1998, niliichukua mkononi kwa mtu mwaka 2016. Yangu ilikuwa kinyume na yako, pale Buguruni unakaa foleni nusu saa haina neno, ila ukiitoa Ubungo kupandisha Kimara na watu wanne ndani geji inaanza kutambaa. Fundi wa kwanza hakuniuliza inachemsha wapi wala saa ngapi, akachomoa thamostati (vali inayoruhusu maji yaende kupoa injini ikishapata moto) akasema hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Hii kauli utaisikia gereji nyingi za hapa Dar na inaniumiza kila nikiisikia, maana thamostati haijawekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, imewekwa ili injini ifike joto lake la kazi na ikae hapo, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 mpaka 88 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta, nikawa nakunywa petroli kuliko zamani na Kimara bado nachemsha.

Fundi wa pili ndo akasema hedi. Ikafunguliwa, ikapelekwa kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine), gasketi mpya, jumla laki nne na themanini. Wiki mbili mbele palepale Kimara moshi wa maji unatoka kwenye boneti na watoto wako siti ya nyuma. Ile gasketi ya zamani nilikuwa nimeibakisha kwenye buti, nikaitoa nikaikagua vizuri, haikuwa imeungua popote.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi rejeta (kile kipoza maji ya injini kilicho mbele) kule Gerezani. Nikamwamkia nikamweleza, hakushika spana hata moja, akaniambia washa mwanangu iache mpaka feni iwake halafu zima. Akapitisha kiganja taratibu juu ya rejeta, huku panaunguza, katikati kuna eneo zima la baridi. Akanishika mkono akaniwekea pale nisikie mwenyewe, akasema hapo maji hayapiti. Alipofungua tanki la juu ndani kuna tope la kutu na kitu cheupe kama chokaa kimeziba vijitundu karibu nusu, akaniuliza unaweka maji gani, nikamwambia ya kisima cha nyumbani. Kisima chetu cha Tabata maji yake ni ya chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu, na mimi kila asubuhi najaza hayohayo karibu mwaka mzima. Nikanunua rejeta ya mtumba elfu 120, thamostati ikarudishwa, nikaweka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na mpaka naiuza 2021 haikuchemsha tena.

Sasa yako. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikitembea inakwambia upepo ndo haupo. Ukitembea spidi 60 upepo wa barabarani unapita wenyewe kwenye rejeta, ukisimama anayebaki kuvuta huo upepo ni feni peke yake. Kwa hiyo anza na feni: washa gari, washa AC, angalia feni za mbele zinazunguka au la. Kama hazizunguki cheki fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni), badilishana na rilei nyingine inayofanana humohumo kwenye boksi uone. Baadhi ya gari za Kijapani za miaka ile ukichomoa soketi ya swichi ya joto ya feni huku funguo ikiwa on, feni inatakiwa iwake hapohapo, ikiwaka ujue mota na waya vizima na mshukiwa ni swichi. Ikikataa, mpe fundi umeme aipe mota moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikigoma hapo mota imekufa. Na hata ikizunguka usiridhike haraka, mota iliyochoka inazunguka kivivu, weka karatasi mbele ya grili injini ikiwa na moto, feni nzima inaivuta karatasi inaganda.

Kingine ambacho watu hawakiangalii ni uchafu kati ya kondensa ya AC (inafanana na rejeta, inakaa mbele yake) na rejeta. Wadudu, vumbi na tope la mvua linajibana pale katikati, kwa nje unaona safi kabisa kumbe upepo haupiti. Unaoshwa kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini, presha kubwa inalaza mapezi membamba ya rejeta.

Halafu mfuniko wa rejeta. Ni kitu cha bei ndogo ila ndo unaotunza presha, na presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 yavumilie mpaka karibu 120. Mpira wake ukikatika maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na hayarudi, utakuta chupa imejaa na rejeta imepungua. Nunua wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu, kama ni 0.9 weka 0.9.

Gasketi ya hedi ina dalili zake na fundi wako akuonyeshe hata moja kabla hujatoa shilingi. Asubuhi injini baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma hiyo ni mbaya (machache mwanzoni ni hewa tu). Hosi ya juu ikiwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, mbaya. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha, maji yanapungua na chini hakuna tone, yote hayo yanaweza kuwa ya hedi, na kipimo cha kompresheni (presha ndani ya silinda) kinasaidia kuthibitisha. Hakuna hata moja kati ya hizo uliyoitaja.

Naomba sana, ikichemsha usifungue mfuniko. Dogo mmoja wa kijiweni kwetu alifungua na tambara mkononi, maji yalimrukia kifuani na shingoni, mpaka leo ana makovu. Zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama ni Januari mchana, paki pembeni, zima, kaa hata dakika 45. Wala usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka hapohapo, halafu laki sita zinakuwa za kweli. Na geji ikishuka ghafla wakati gari inachemsha usifurahi, pengine maji yameisha na kile kisensa kinapima hewa.

Kesho kabla hujaenda kazini fanya ile ya feni na AC, uje uniambie zinazunguka zote mbili au moja, na umeweka maji gani humo ndani tangu uinunue.