Swali la lugha: Kijana “amekutwa na usaikopathi”?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niko Morogoro. Pamoja na mwenzangu tunatafsiri makala ya Marekani kuhusu vijana wahalifu wanaopimwa saikolojia ili ijulikane kama wana usaikopathi, yaani ile haiba ya mtu asiyejali wengine wala kujutia anayowatendea. Yeye kaandika “mtihani wa kubaini masaikopathi”, mimi “jaribio”. Tena mahali pengine kaandika “kijana huyo amekutwa na usaikopathi”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hapo kwenye mtihani na jaribio mmekosea wote wawili. Mtihani una kufaulu na kufeli. Jaribio nalo, ukiliweka kwenye habari za wahalifu, litampeleka msomaji kwenye jaribio la wizi au la kutoroka mahabusu. Andikeni kipimo, yaishe.

Kazi iko kwenye vitenzi. Kubaini ni kukitoa hadharani kitu ambacho tayari kipo ila kimejificha: maabara hubaini vimelea vya malaria kwenye damu, polisi hubaini mtandao wa wezi. Kukutwa na ndiyo mbaya zaidi. Mtu hukutwa na virusi, hukutwa na bangi, na mahakamani hukutwa na hatia. Mwenzako akiandika kwamba kijana amekutwa na usaikopathi, msomaji keshamhukumu kabla hajafika aya ya pili.

Kipimo chenyewe hakina ubavu wa kubeba vitenzi hivyo. Kinachotajwa zaidi ni orodha ya sifa za kisaikopathi ya Robert Hare, mwanasaikolojia wa Canada, iliyochapishwa 1991 kwa ajili ya watu wazima. Ya vijana wa miaka 12 hadi 18 ilitoka 2003, kazi ya Adelle Forth, David Kosson na Hare mwenyewe. Hakuna damu inayotolewa wala mashine inayowashwa. Mtaalamu aliyefunzwa huzungumza na kijana kwa kirefu, hupekua majalada yake, kisha hutoa alama kwa vipengele 20: 0 kama sifa haionekani, 1 kama inaonekana kiasi, 2 kama iko wazi. Jumla ya juu ni 40. Kwa watu wazima Marekani Kaskazini, mstari uliozoeleka wa kumwita mtu saikopathi ni alama 30. Ulaya wengi hutumia 25. Kwa vijana, walioitunga orodha hawakuweka mstari wowote, na walionya kijana asibandikwe jina la saikopathi. Baadhi ya vipengele ni kutenda kwa pupa, kutafuta msisimko na kutowajibika. Aliyelea mtoto wa miaka 14 atanielewa.

Basi pasipo na mstari, hakuna cha kubaini wala cha kukutwa nacho. Kuna kiwango, na kiwango hupimwa au hukadiriwa. Andikeni: “kipimo cha kukadiria sifa za kisaikopathi kwa vijana”, na “kijana huyo alipata alama za juu katika kipimo hicho”. Ni ndefu, najua, na mhariri atalalamika. Mwache alalamike.

Wenyewe Wamarekani wana tahadhari hiyo. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18. Majaji walio wengi walikumbusha kwamba hata madaktari wa akili hawaruhusiwi kumtaja mtu aliye chini ya umri huo kuwa na tatizo la haiba ya kupingana na jamii, ambalo ni jirani wa karibu wa usaikopathi. Na mwongozo wa madaktari hao wa 2013 unapoeleza mtoto mwenye tatizo la mwenendo asiyejali wengine, unasema hisia zake za kujali ni haba. Neno saikopathi haukumbandika.

Umbo la neno ni jepesi. Mtu ni saikopathi, naye hufuata upatanisho wa watu: saikopathi huyu, masaikopathi hawa. Hali ni usaikopathi huu. “Saikopathi hii” haifai kwa mtu wala kwa hali. Na msijaribu kulikwepa kwa kichaa au mwendawazimu; huyo ni mtu asiyejua alitendalo, ilhali mwenye sifa hizi analijua fika.

La mwisho hukuliuliza: “vijana wahalifu”. Ofisini kwenu mnasema mtoto anayekinzana na sheria, na msiliache neno hilo kwa sababu tu makala imetoka ng’ambo. Kwa wenzetu wa Kenya, Sheria ya Watoto ya 2001, kifungu cha 189, ilikataza kabisa maneno yenye maana ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa adhabu yasitumike kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Mwonyeshe mwenzako kifungu hicho kabla hajarudia “amekutwa na”.