Kitabu cha nahau au kozi ya jioni

Mwanangu,

Umeniuliza ununue kile kitabu cha nahau za Kiingereza uzikariri, au ulipie kozi ya jioni, maana hapo mapokezi hotelini wageni wanakuzidi kasi. Nakwambia nililowaambia kaka zako: lugha huingilia sikioni. Babu yako alipofungulia Sauti ya Amerika, kile kipindi cha Kiingereza cha polepole chenye msamiati wa maneno kama 1,500 tu, hakuna aliyetukaririsha kitu, lakini mpangilio wa maneno ulituingia.

Na tatizo lako naliona kwenye mpangilio kuliko kwenye nahau. Juzi tukiwa kwenye simu nilikusikia ukimwuliza mgeni, "Your name is who?" Hapo umeifuata "jina lako nani" hatua kwa hatua. Kwetu neno la kuuliza mara nyingi hukaa mwisho. Mwingereza hulitanguliza, halafu kitenzi kisaidizi humpita mtenda: "Where are you going?" Ukisema "You are going where?" mgeni atakuelewa, ila atadhani umeshtuka, kwa sababu wao husema hivyo wanapokuwa hawaamini walichosikia. Haya hayakaririwi. Chukua sentensi moja, igeuze iwe swali, kisha ujibu, kwa sauti, huku unapiga pasi.

Nahau ndizo zilizonirudisha 1982. Nilikuwa kidato cha pili, dawati moja na mama yako mkubwa wa Dodoma. Alipata alama ndogo kwenye insha aliyoihangaikia, akamwandikia mwalimu barua ya adabu kabisa, aonyeshwe alipokosea. Ndani yake akaweka "my heart is broken". Alikuwa anasema amevunjika moyo, kama tunavyosema sote tukikata tamaa. Kwa Kiingereza hayo ni maneno ya msiba au ya mapenzi. Mwalimu yule, mwanamume mzima, aliisoma barua mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, kwa sauti ya madeko. Walicheka mpaka viranja. Mwenzangu alishika pindo la sketi, analikunja, analikunjua. Hakulia. Ila hakunyoosha tena mkono darasani mpaka tunamaliza kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa akitushinda wote hesabu! Kumweleza maana ya yale maneno kungechukua dakika moja. Mpaka leo nikikumbuka, kifua kinanibana.

Mwaka uleule Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali haikukubali. Nimebishana na nafsi yangu mara nyingi juu ya hilo. Wangekubali, pengine wadogo zetu waliotufuata wasingeaibishwa hivyo. Lakini je, wewe ungeipata kazi hiyo? Mimi mwenyewe Kiingereza si nilikipatia shule ileile? Hapana, nilikipata redioni kwa babu yako; shuleni tuligawiwa woga. Lugha huingilia sikioni, na mtu anayeogopa kuchekwa hata akisikia hathubutu kujaribu.

Sasa kitabu au kozi? Pesa ni yako na umeshakuwa mtu mzima, sikuamulii. Ulimi unaniwasha, lakini sikuamulii. Ila ukienda kwenye hiyo kozi, siku ya kwanza mtazame mwalimu pale mwanafunzi anapokosea. Akimcheka, usilipe hata shilingi. Na nahau usiitumie kwa mgeni kabla hujaisikia kwa wenyewe, ukajua wanaisema wakiwa katika hali gani. Ukisikia mgeni katamka usiyoijua, mwulize palepale. Wengi hufurahi kuulizwa.

Jumapili nipigie baada ya ibada. Tutaongea Kiingereza kitupu, wewe uulize, mimi nijibu. Ukikosea nitakurudisha taratibu. Baba yako anakusalimu, na anauliza lile koti lilikutosha?

Mama yako