Maswali na majibu: Mkono wa 16, kiti cha mwisho na mikono ya mgawaji

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Kondoa, Manyoni na Mpwapwa, na karibu zote zimeandikwa na watu wanaoingia kasino wanaposafiri kikazi au kibiashara. Niligawa karata za blekijeki kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea nyumbani, hivyo najibu kama mtu aliyewahi kusimama upande wa pili wa meza. Kwa asiyeujua mchezo, kila mchezaji hushindana na mgawaji peke yake, akijaribu kuikaribia 21 bila kuipita. Karata za picha huhesabiwa 10, na ree huhesabiwa 1 au 11. Karata ulizonazo huitwa mkono; kusimama ni kutoongeza karata nyingine, na kuzidi ni kuipita 21.

Nina 16, mgawaji ameonyesha 10. Rafiki zangu wanasema nisiongeze karata kamwe, kwa sababu nitazidi. Je, ni kweli? (Area C, Dodoma)

Hofu yao ina msingi, ila ushauri wao si sahihi. Kati ya aina 13 za karata, ni tano tu, yaani ree, 2, 3, 4 na 5, zitakazokuacha mchezoni. Nane zilizobaki zinakutoa. Hata hivyo, ukisimama na 16 huwezi kushinda mpaka mgawaji mwenyewe azidi, na mgawaji mwenye 10 huzidi takriban mara 21 tu katika 100. Uko pabaya kwa vyovyote vile, na tofauti kati ya njia hizo mbili ni ndogo mno, lakini anayeongeza hupoteza kidogo kuliko anayesimama. Meza ikiruhusu kujitoa na kurudishiwa nusu ya dau, jitoe bila aibu, isipokuwa kama 16 yako ni jozi ya 8, ambayo ina hesabu yake.

Kosa linalouma hasa ni kusimama na 16 mbele ya 7, kwa kudhani kwamba 7 ni karata dhaifu. Kwa dau la shilingi 10,000, anayesimama hapo hupoteza wastani wa shilingi 4,750 hivi, ilhali anayeongeza hupoteza kama 4,150. Mbele ya 4, 5 au 6 mambo hugeuka kabisa: mgawaji mwenye 6 huzidi takriban mara 42 katika 100, kwa hiyo unasimama hata ukiwa na 12 tu, umwache yeye ahangaike. Haya si mazoea ya mezani. Yalikokotolewa na Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, wakitumia mashine za kawaida za hesabu, na wakayachapisha mwaka 1956. Ninawaheshimu sana watu hao kwa subira yao.

Mchezaji wa kiti cha mwisho aliongeza karata ovyo, akachukua ile ambayo ingemzidisha mgawaji, na meza nzima ikapoteza. Je, hana budi kulaumiwa? (Kondoa)

Hapana, na ninaomba jambo hili lieleweke, kwa sababu nimeona watu wazima wakitukanana kwa ajili yake. Karata zilizomo katika kasha la kugawia zimechanganywa, na hakuna aliyeketi mezani anayejua mpangilio wake. Karata aliyoichukua ndugu yule ingeweza kumzidisha mgawaji, na kwa uwezekano uleule iliyofuata nayo ingeweza kumzidisha. Kwa muda mrefu, mchezaji asiye na ujuzi anawaokoa wenzake mara nyingi sawasawa na anavyowaharibia. Ila siku aliyowaokoa hakuna aliyempongeza, na siku aliyowaharibia inasimuliwa mwaka mzima. Uchezaji wake mbaya unamgharimu yeye mwenyewe. Wewe yanakugharimu maamuzi yako tu.

Kwenye mchezo wa simu mgawaji ana karata moja iliyofunikwa, lakini kasino niliyoingia alijipa moja tu, ya pili akaichukua sisi tulipomaliza. Inabadilisha chochote? (Manyoni)

Inabadilisha. Huo ni utaratibu wa Ulaya. Hatari yake ni kwamba unaweza kuongeza dau mara mbili au kutenganisha jozi (kuzigawa karata mbili zinazolingana kuwa mikono miwili, kila mmoja na dau lake), kisha mgawaji akatimiza ree na 10, ukapoteza dau zote mbili. Kwa hiyo, pale ambapo kanuni ya meza inachukua dau zote, ukiwa na 11 mbele ya 10 au ree ongeza karata tu, usiongeze dau. Na jozi ya 8 mbele ya karata hizo usiitenganishe, bali icheze kama 16 ya kawaida.

Kabla ya kuketi, soma pia maandishi ya mezani kuhusu malipo ya 21 ya karata mbili. Meza ya haki hulipa 3 kwa 2, yaani shilingi 15,000 kwa dau la 10,000. Meza ya 6 kwa 5 hulipa 12,000. Mkono huo huja takriban mara moja katika mikono 21, hivyo pengo hilo ni kubwa kuliko makosa mengi ya uchezaji. Mimi nisingeketi.

Bima je? (Mpwapwa)

Iache. Bima ni dau la pembeni unaloweka mgawaji akionyesha ree: hulipa 2 kwa 1 karata yake ya pili ikiwa na thamani ya 10, la sivyo unalipoteza. Tuchukue pakiti sita, karata 312. Ree ya mgawaji ikitolewa, zimebaki 311, na zenye thamani ya 10 ni 96. Ukiweka bima ya shilingi 5,000 mara 311, utapata 960,000 na kupoteza 1,075,000.

Mgawaji alikataa kupokea fedha mkononi mwangu, kisha akanilazimisha kuashiria kwa mkono ilhali nilikuwa nimeshasema. Nilihisi kudharauliwa. (Dodoma mjini)

Hukudharauliwa, ndugu yangu. Fedha huwekwa juu ya meza, mgawaji akazitandaza na kutaja kiasi, ili msimamizi na kamera waone kilichotoka kwako na chipu ulizopewa. Ishara nayo inaonekana kwenye picha, wakati sauti hupotea katika kelele za ukumbi: gusa meza kuomba karata, pitisha kiganja hewani kusimama. Ndiyo maana mgawaji hukunjua viganja anapoondoka mezani, kuonyesha kwamba habebi kitu. Na karata zake hachagui: huongeza hadi afikishe 17, hata kama mwenyewe angetamani kusimama.

Nililipwa pungufu, nikanyamaza. Ningefanya nini? (Mpwapwa)

Sema papo hapo, kabla mkono unaofuata haujagawiwa, na usiguse karata wala chipu zako. Mgawaji haruhusiwi kurekebisha peke yake, atamwita msimamizi. Karata zilizotumika hukusanywa kwa mpangilio maalumu, hivyo msimamizi anaweza kuzirudisha nyuma na kuujenga upya mkono wako, na penye shaka kamera hutazamwa. Mzozo usipokwisha, andika namba ya meza na saa, uombe kumwona meneja, kisha uwasilishe suala lako kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kasino.