Hesabu mikorosho kwanza, darubini baadaye

Wasomaji wanauliza. Anayejibu ni askari wa wanyamapori mstaafu, mkazi wa Nachingwea.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mkulima wa Ruangwa, nina ekari 9 za mikorosho na kipande cha mahindi na kunde. Nina bunduki ya risasi ndogo, .22, aina ya Brno, niliyorithi kwa marehemu baba. Leseni imeshaandikwa kwa jina langu. Ngedere wamenimaliza. Afisa wanyamapori wa wilaya alikuja, akakagua uharibifu, nikapata kibali cha kuwapunguza. Nina miaka 47, na jioni kile chuma cha kulengea sikioni vizuri tena. Shemeji yangu yupo Afrika Kusini, anarudi Desemba, na amenitumia picha za darubini tatu: 3-9x40, 4-12x40 yenye pete ya kuzungusha mbele, na 6-24x50. Bei ya ile kubwa haipishani sana na ya kati. Jumapili napenda pia kupiga shabaha za karatasi na wenzangu wenye leseni, kwenye uwanja tulioruhusiwa, mita 50. Nichukue ipi? Na nguruwe wa usiku je, itanisaidia? — Msomaji, Ruangwa

Marahaba, mwanangu. Nimeifurahia barua yako kwa sababu imeanza na leseni na kibali. Barua nyingi hunifikia ngedere wakiwa wameshakufa, ndipo mtu anauliza afanyeje. Ukumbuke tu kwamba hata mnyama uliyemuua kwa kulinda mazao ni nyara ya Serikali: unatoa taarifa kwa afisa aliyekupa kibali, mzoga haukai kwako. Na shemeji yako asiifiche hiyo darubini ndani ya nguo. Wewe ulizia polisi wilayani kwanza namna inavyotakiwa kuingizwa, kisha yeye aitangaze forodhani.

Namba ulizotumiwa zinasomeka hivi: 3-9x40 inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 40. Wauzaji wanajua kwamba macho yetu hukimbilia namba kubwa. Kwa hiyo usimjibu shemeji yako leo. Kesho asubuhi nenda shambani, simama pale unapojibanza ukilinda, uhesabu mikorosho hadi pale ngedere wanaposhukia. Kama shamba lilipandwa kwa kipimo wanachofundisha watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mita 12 kwa mita 12, basi nafasi nne kati ya mti na mti ni mita 48. Kama ni mikorosho ya babu iliyopandwa bila kamba, tumia hatua zako. Mimi miaka yote niliyolinda mazao ya watu Liwale na huku Nachingwea niliandika kila umbali kwenye daftari, na ninalo hadi sasa. Ngedere karibu wote niliwapiga kati ya mita 30 na 60. Waliokuwa mbali zaidi ya mita 80 wanahesabika kwa vidole, na wengi wao niliwakosa.

Kwa umbali huo, kukuza mara 24 kutakuumiza. Nikusimulie kwa nini nasema kuumiza.

Mwaka wangu wa pili kazini tulipelekwa kijiji kimoja upande wa Liwale. Ilikuwa Mei, mahindi yameshaanza kukauka, na nyani walikuwa wakiingia mashambani mchana kweupe. Nilikuwa na bunduki yenye darubini niliyoionea fahari, nimeifungua hadi mara 12. Nikampata dume mkubwa amekaa kwenye kichuguu, kifua chote kimejaa kwenye kioo, na nyuma yake kijani kibichi cha majani. Nikavuta pumzi, kidole kikaanza kubana. Ghafla kioo kikawa giza. Mzee niliyekuwa naye zamu alikuwa ameweka kiganja chake mbele ya darubini. Hakusema neno, alinyoosha mkono tu. Nilipoinua kichwa nikamwona mama ameinama akichuma majani ya kunde, mtoto mgongoni, hatua kama 40 nyuma ya yule nyani, kwenye mstari uleule. Kitenge chake kilikuwa cha kijani. Yale niliyoyaita majani yalikuwa mgongo wa mtoto.

Ndiyo maana kabla ya mwanga na kabla ya bei, mimi hutazama upana wa kile ninachokiona. Darubini ya kawaida ikikuza mara 3 hukuonyesha kipande cha kama mita 11 kwa upana, ukiwa mita 100. Kwa mara 9 unabaki na mita 4 hivi. Kwa mara 24 ni mita moja na nusu, na kwenye mita 50, ambako ndiko ngedere wako waliko, ni nusu ya hapo: sentimita 75. Upana wa mlango. Utamtafuta ngedere kwenye matawi kwa tundu la upana wa mlango, na yeye ni mnyama asiyetulia hata anapokula bibo. Utakapompata utakuwa humwoni mtu aliye pembeni wala nyuma yake. Ongeza pia darubini ndogo ya macho mawili ya kuvaa shingoni, hata ya bei nafuu. Ya bunduki usiitumie kuangalia kitu ambacho hujaamua kukipiga, kwa sababu kila unapotazama kwa hiyo, mtutu nao unatazama.

Mwanga wa jioni una hesabu nyepesi. Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Milimita 50 kwa mara 24 ni milimita 2 tu. Milimita 40 kwa mara 6 ni karibu 7. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7. Yetu sisi tuliokwisha kuvuka miaka 40 hupungua pole pole. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni, chini ya mkorosho, ile 4-12x40 ukiiweka mara 6 itakupa picha angavu kuliko ile kubwa iliyofunguliwa hadi mwisho, ingawa kioo chake cha mbele ni kidogo.

Sasa ile pete ya mbele uliyoitaja kama pambo. Hiyo ndiyo ingenifanya nitoe pesa. Darubini isiyo na marekebisho hutengenezwa kiwandani ili msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo na picha vikae pamoja kwenye umbali mmoja, mara nyingi yadi 100, yaani mita 91. Karibu zaidi ya hapo, jicho likihama kidogo kutoka katikati, msalaba nao unaonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Wataalamu huita paralaksi. Ijaribu mwenyewe: laza bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, ielekeze kwenye karatasi, usiiguse, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia ukitazama. Kwenye mita 50, kwa kioo cha milimita 40, jicho likifika ukingoni kosa linaweza kuwa milimita 9 hivi. Kwa ngedere hilo halina neno. Kwa Jumapili yako ni jambo kubwa, maana duara la kumi kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu. Ukilenga katikati kabisa ukiwa na kosa hilo, tundu la risasi linatua nje ya kumi, na wewe utalaumu risasi au pumzi zako.

Mwambie shemeji yako alete 4-12x40. Asome kwanza namba kwenye pete: ianzie yadi 25 au chini yake. Nyingine huanzia 50, na hiyo ni mita 46. Itakubana ukitaka kupiga karibu. Ukishaipata usiziamini namba hizo kama msahafu, rudia lile jaribio la kichwa kwa kila umbali, uchore alama zako kwa rangi ya kucha. Ukiwa unatembea shambani iache kwenye mara 4. Kupandisha ni sekunde moja, na mara 12 ni za karatasi.

Pete za kufungia darubini kwenye bunduki nazo zina aina zake. Brno nyingi za .22 zina mifereji miwili iliyochongwa juu ya mwili wa bunduki, upana wa milimita 11. Anunue pete za mifereji hiyo, kwa bomba la milimita 25.4, ambalo ndilo la darubini nyingi za namna hiyo. Za milimita 30 hazitabana. Nimemwona mtu akijazia kwa vipande vya kopo la soda, na kila risasi ikaenda njia yake. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, na uache nafasi ya sentimita 8 hadi 9 kati ya jicho na kioo cha nyuma.

Kuipiga ziro, yaani kuirekebisha hadi msalaba ukae pale risasi inapotua, anza karibu. Toa bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma hadi uione alama ya kalamu kwenye karatasi mita 25, halafu zungusha vifundo vya kurekebishia vya darubini bila kusogeza bunduki mpaka msalaba uikute alama ileile. Ndipo upige risasi, tatu tatu. Darubini nyingi huhama robo ya dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) kwa kila mlio wa kifundo. Kwenye mita 100 hiyo ni milimita 7, kwa hiyo mita 25 hata milimita 2 haifiki. Watu hugeuza milio minne, wakiona hakuna kilichobadilika wanasema darubini mbovu. Maliza kwa mita 50. Hapo jua tabia ya risasi yako: .22 iliyopigwa ziro mita 50 itakuwa imeshuka kama sentimita 5 au 6 kwenye mita 75, na kwenye mita 100 kati ya 15 na 20. Ngedere hana mwili wa kuvumilia kosa la sentimita 15. Utamvunja mguu akafie porini. Mita 70 ndiyo iwe mwisho wako. Na usimpige aliye juu ya tawi ukiwa na anga nyuma yake. Risasi hiyo ndogo husafiri zaidi ya kilomita moja, na Ruangwa yote ina vijiji.

Nguruwe, hapana. Risasi ya .22 itamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ndani ya kichaka cha mihogo ni hatari kwako na kwa jirani atakayepita alfajiri. Usiku ndiyo kabisa usiguse bunduki. Najua wanavyokutesa. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake waliandika katika jarida la sayansi la Nature kuhusu simba waliokuwa wakiua watu nchini mwetu, Lindi ikiwa kati ya mikoa iliyoumia sana, na walionyesha uhusiano na nguruwe: nguruwe wanaingia mashambani, watu wanalala shambani kwenye madungu kulinda mazao, simba naye anawafuata nguruwe. Mimi nimezika watu wa madungu hayo. Lakini madungu hayo hayo ndiyo yaliyo nyuma ya nguruwe wako gizani, na darubini haiyaoni. Mwite afisa, waje askari wenye bunduki inayofaa.

Mzee habari za kazi. Mimi napiga karatasi tu, mita 100, huku Masasi, na naota mashindano. Darubini yangu inakuza hadi mara 20. Asubuhi naona hata matundu ya risasi, saa sita mchana karatasi inacheza kama iko ndani ya maji. Imeharibika? — Kijana, Masasi

Haijaharibika. Ni mazigazi: ardhi imepata moto, hewa inapanda, na darubini inakuza huo mchezo wa hewa pamoja na karatasi. Shusha hadi mara 10 au 12, piga kabla ya saa tatu, na ukae ambapo mstari wako wa kulenga haupiti chini chini juu ya mchanga mtupu. Mtutu uliopata moto nao hutoa hewa ya moto inayocheza mbele ya kioo, basi upumzishe kati ya fungu na fungu.

Na kwa kuwa unasema unaota mashindano: katika mchezo wa Olimpiki wa bunduki mita 50, darubini hairuhusiwi. Wanalenga kwa tundu dogo la nyuma na duara la mbele. Jifunze na hiyo mapema, mjukuu wangu.

Shikamoo. Ndani ya kioo cha darubini ya mume wangu, ambaye ni mlinzi wa mifugo mwenye kibali, kuna kitu kama utando wa buibui mweupe. Kukifuta hakitoki. Tunakaa Lindi mjini, karibu na bahari. — Mama, Lindi

Marahaba, mama. Huo ni ukungu, yaani kuvu, na uko ndani, ndiyo maana kitambaa hakiufikii. Msiifungue nyumbani. Darubini nzuri hujazwa gesi kavu na kuzibwa. Ukiifungua mara moja, unyevu wa pwani umeshaingia. Ukungu ukiwa bado mpya fundi wa vioo vya kamera anaweza kuusafisha, ukikaa sana unakula rangi iliyopakwa juu ya kioo na alama haitoki tena.

Ijayo msiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi. Tafuteni kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, mtie ndani vile vifuko vya chembe kavu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na mvibadilishe kila masika. Chumvi ya nje ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, baada ya kupuliza mchanga kwanza. Na mume wako asifute kioo kwa pindo la kanga yako. Mchanga wa Lindi uliomo humo unakwangua kuliko msasa.